Mistari Sita

Fomu ina mistari sita. Sisi tupo saba.
Chilumba, mwandikishaji, ameiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa;
simu yake ina ufa unaokata kila sura anayoipiga picha.
Chukueni muda, mama, anasema,
na mguu mmoja umeshaelekea nyumba ya pili.

Malipo ya mnada wa tatu yameingia juzi.
Mimi hesabu zangu ni za kilo, shilingi hunikimbia:
kadi ndogo, kilo kumi na tano za korosho, kaya nzima, mwaka mzima,
hapa hapa Kitangari, na ukipewa karatasi ya rufaa, wilayani.
Kadi kubwa, mtu mmoja mmoja, kilo thelathini kila kichwa,
inashuka mteremko hadi misheni
kwenye damu ya kuongezwa na daktari wa mifupa.
Ya tatu ni ile ya Bakiri:
pesa ikae ndani ya debe, Mungu akae juu ya debe.

Bima yetu ya mwaka jana iliitwa kangomba.
Somoe aliamka usiku ameshika magoti,
macho ya njano kama bibo,
na kulipokucha tukauza korosho zingali ua
kwa mtu wa pikipiki asiyeuliza jina.
Msimu ulipofika akaja na bakuli lake, siyo mizani.
Likajaa, likamiminwa, likajaa.
Sikulia. Nilikuwa nahesabu bakuli.

Basi nani atoke?
Nitoeni mimi, anasema mama mkwe, Bi Asumini, chumvi nimekula ya kutosha.
Vidonge vyake vya presha vimo pindoni mwa kanga,
vitatu, anavikata nusu nusu.
Nitoeni mimi, anasema Bakiri, panadoli siijui,
na anakohoa salfa ya miaka ishirini.
Mfaume wa kidato cha pili anaisoma fomu kwa sauti,
anauliza, kaya maana yake nini?
Tabia analamba kalamu.
Dadi, mtoto wa marehemu dada yangu,
hakusema kitu. Alichukua dumu akaenda bombani.
Leo siyo zamu yake.

Nikatazama nje, kwenye mikorosho.
Kila mwaka kabla ua halijafunguka tunaipigia dawa.
Hatusemi, huu mbona haujaugua.
Hatukai kikao cha kuutoa mmoja.
Ubwiriunga haupigi hodi, tunajua,
tunafunga mashine mgongoni, tunalipa, tunakohoa.

Nikamwita Chilumba arudi.
Somoe mpe ile kubwa, peke yake.
Sita tuliobaki tuandike kwenye hii.
Akahesabu kwa vidole, akacheka kidogo,
kama mtu aliyekuta funguo mfukoni mwake mwenyewe.
Bakiri hakucheka. Na hizo kilo thelathini?
Ni salfa ya mikorosho kumi na miwili, nikasema,
ile ya upande wa makaburini.
Akanyamaza. Ile aliipanda baba yake.

Mfaume alishika shuka jeupe nyuma ya vichwa vyetu.
Dadi tulimngoja. Alipigwa picha shati limelowa,
jina lake mstari wa tatu, siyo wa mwisho.
Kadi ya binti itaanza kazi baada ya siku ishirini na moja, akasema Chilumba.
Bi Asumini akamgeukia mjukuu: Umesikia? Usiumwe kabla.
Ndiyo, bibi, akaitika Somoe,
kama aliyetumwa dukani.

Mwezi wa sita ua litafunguka.
Nitapita upande wa makaburini mapema, kabla Bakiri hajaamka,
na nikiukuta unga mweupe umekaa juu ya ile kumi na miwili
nitaupangusa kwa kidole kimoja,
nitaunusa,
nitarudi kuchemsha ming'oko.